Kuchaji Gari la Stima Malindi: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku

Uani kwetu, Maweni, nyuma ya gereji, pana chaja moja ya ukutani ya kilowati 7 na soketi tatu za tuktuk na pikipiki. Basi. Bango hatuna, na kivuli ni cha mwarobaini. Lakini haipiti siku bila mtu kusimama langoni akauliza, na maswali ni yale yale, ndiyo maana tumeyaandika hapa. Lako likikosekana, pita baada ya alasiri. Asubuhi fundi huwa amelala chini ya gari la mtu na majibu yake huwa mafupi.

Malindi kuna sheli ya stima?

Ukimaanisha mahali pa kuingia, kujaza dakika tano, kulipa na kwenda zako, hapana. Neno hilo "sheli" ndilo linalowapoteza wengi. Petroli ilikuwa lazima uifuate kwa sababu haipatikani kwingine. Stima iko nyumbani kwako, iko dukani, iko msikitini. Gari la stima huchajiwa linapolala, au linapomsubiri mwenyewe akimaliza shughuli zake. Kwa hiyo jiulize: gari langu litasimama wapi kwa saa sita au nane, na hapo pana soketi ya kuaminika? Ukishalijibu hilo, umemaliza nusu ya kazi.

Kwa hapa mjini, jibu huwa ni nyumbani, au hoteli unayolala, au gereji kama yetu. Wenye pikipiki za kubadilisha betri wana njia yao, tutaifikia.

Nitajuaje pa kuchaji kabla sijasafiri?

Iko programu ya simu iitwayo PlugShare ambamo madereva wenyewe huandika vituo walivyovitumia. Ni nzuri, lakini soma tarehe ya mtu wa mwisho aliyechaji pale. Kituo kilichosifiwa miaka miwili iliyopita huenda leo ni ukuta mtupu wenye tundu nne za skrubu. Halafu piga simu. Mwulize anayepokea mambo matatu: chaja inafanya kazi leo, plagi yake ni ya aina gani, na je, usiku lango hufungwa? Hilo la lango wengi hulisahau, wakajikuta saa tano za usiku wanabishana na askari aliyeachiwa ufunguo lakini hakuachiwa ruhusa.

Plagi yangu itaingia?

Hapa tukae kidogo.

Magari mengi ya stima yanayofika Pwani ni Nissan Leaf zilizotumika, kutoka Japani. Leaf ya Japani ina matundu mawili puani: dogo la mviringo liitwalo Taipu 1, la kuchaji polepole, na kubwa liitwalo CHAdeMO, la chaja za kasi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, pamoja na mengi ya Kichina yanayouzwa huku yakiwa mapya, yana Taipu 2 kwa polepole na CCS2 kwa kasi. Yapo pia magari na mabasi ya Kichina yenye GB/T, ambayo ni jamaa wa mbali: ukiitazama utadhani ni Taipu 2, ukiichomeka haingii.

Chaja yetu ya ukutani ni Taipu 2. Tuna waya wa kuigeuza kuwa Taipu 1, kwa hiyo Leaf ya Japani inachaji bila shida. GB/T hatuna, mwenye nayo aje na waya wake wa soketi ya kawaida.

Na hapo kwenye waya wa soketi ndipo penye balaa. Waya unaokuja na Leaf ya Japani ulitengenezwa kwa volti 200 na huvuta ampea 15, na plagi yake hailingani na soketi zetu za miguu mitatu. Fundi wa mtaani atakufanyia nini? Atakata ile plagi, aweke ya kwetu ya ampea 13, aseme "tayari, mzee". Itafanya kazi. Itafanya kazi usiku wa kwanza na wa pili, na wa tatu utasikia harufu ya plastiki. Plagi ya ampea 13 haikuumbwa kubeba ampea 15 usiku kucha. Hata ampea 13 kamili kwa saa kumi mfululizo ni nyingi. Birika la chai huivuta hiyo kwa dakika tatu tu, kisha soketi hupumzika. Tumia waya unaoweza kupunguzwa hadi ampea 10, au fungiwa chaja ya ukutani na fundi mwenye cheti cha EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta.

Itachukua saa ngapi?

Kwanza tuelewane lugha. Yuniti moja ya tokeni ndiyo kilowati-saa moja. Betri ya gari hupimwa kwa yuniti hizo hizo: Leaf ya "40" ina betri ya yuniti 40, kama dumu la lita 40. Kilowati ni ukubwa wa bomba. Yuniti ni maji yaliyoingia.

Tuseme umefika na asilimia 20 na unataka 80, yaani yuniti 24. Kwenye soketi ya kawaida iliyowekwa ampea 10, hesabu saa kumi na moja, kwa kuwa kiasi fulani hupotea njiani kwa joto. Kwenye chaja yetu, gari la Taipu 2 hulichukua kama saa nne. Leaf ya Japani inategemea: nyingi zina kifaa cha ndani kinachopokea kilowati 3 tu, na hiyo itakaa saa tisa hata ukiichomeka kwenye chaja kubwa kama nyumba. Ambayo mwenyewe wa kwanza aliilipia kifaa cha kilowati 6 itamaliza kwa saa nne na nusu. Chaja ya kasi ya kilowati 50 ingeifanya kazi hiyo kwa dakika thelathini au arobaini, kwa sababu inaruka kifaa cha ndani na kwenda moja kwa moja kwenye betri.

Watu hukasirika na jibu hili, wakadhani chaja yetu ni mbovu. Gari lako ndilo lenye mdomo mdogo.

Basi kwa nini msiweke hiyo ya nusu saa?

Kwa sababu tunaishi na majirani. Transfoma unazoziona juu ya nguzo mitaani, nyingine ni za kVA 50 tu, yaani karibu kilowati 50, na mtaa mzima unazitegemea: friji, pampu za maji, mashine za kuchomelea vyuma. Chaja moja ya kilowati 50 ingeimeza transfoma ya namna hiyo peke yake, na mtaa ungebaki na mishumaa. Ili kuiweka unahitaji transfoma yako na stima ya fezi tatu ya volti 415, na gharama hiyo hairudi kwa magari matano kwa wiki.

Maoni yangu, na wenzangu hapa gerejini hawakubaliani nami wote: mji huu hauhitaji kuanza na chaja ya kasi ya mtalii anayekuja Desemba. Uanze na soketi mia moja nzuri za tuktuk, zenye waya wa ardhi wa kweli. Tuktuk ndizo zinazozunguka mchana kutwa kati ya soko, hospitali na barabara ya Lamu, na ndizo ambazo pesa ya petroli huwauma wenyewe kila jioni.

Mnatoza kiasi gani?

Shilingi 45 kwa yuniti, M-Pesa au taslimu, na mita unaisoma mwenyewe mwanzo na mwisho. Risiti ipo ukiitaka.

Najua utakachosema. Tokeni nyumbani kwako, ukitumia zaidi ya yuniti 100 kwa mwezi, hukujia karibu shilingi 30 kwa yuniti, kodi na makato yote ndani. Hiyo 15 ya ziada ni waya mnene wa shaba, ni mlinzi, na ni plagi tunazozibadilisha kila baada ya miezi michache kwa sababu ya chumvi. Kama una soketi nzuri nyumbani, chaji nyumbani. Hatutanuna.

Ikilinganishwa na petroli je?

Leaf ya 40 ikienda kilomita 80 au 90 kwa saa, kipooza hewa kikiwa wazi, hula kama yuniti 15 au 16 kwa kilomita 100. Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi. Ukijumlisha kinachopotea wakati wa kuchaji, mita itasoma karibu yuniti 21. Kwa tokeni ya nyumbani ni kama shilingi 630. Gari dogo la petroli linalokula lita 8 kwa kilomita 100 litataka lita 9.6, tukiweka lita moja shilingi 180, hizo zimepita 1,700. EPRA hutangaza bei mpya za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hiyo rudia hesabu mwenyewe.

Hapo sijataja bei ya kununua gari, na betri inayozeeka. Hayo ni maongezi ya kahawa, si ya langoni.

Kweli usiku stima ni nusu bei?

Ni kweli, lakini si kwa mita yako ya nyumbani. Tangu Aprili 2023 kuna bei maalumu ya kuchaji vyombo vya stima, na saa za usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, hutozwa nusu ya bei ya mchana. Ili uipate unatakiwa kuwa na mita ya peke yake kwa kazi hiyo, ambayo unaiomba Kenya Power. Tokeni ya kawaida haijui saa. Usiku na mchana ni bei moja.

Sababu ya unafuu huo ni Olkaria, kule Naivasha penye mitambo ya umeme wa mvuke. Mvuke wa ardhini hautulii usiku watu wanapolala. Visima vinaendelea kupumua, na umeme ambao hakuna anayeutumia hauna pa kuwekwa. Kuliko mvuke kuachiwa uende hewani, afadhali uingie kwenye betri ya tuktuk.

Naweza kwenda Mombasa na kurudi bila kuchaji?

Kwa Leaf ya 40 iliyotumika, kwenda ndiyo, kurudi hapana. Betri yenye afya ya asilimia 85 itakupa kama kilomita 200 ukiendesha kwa adabu, na safari nzima ni 240. Chaji Mombasa ukiwa kwenye shughuli zako.

Kwa Leaf ya 24, ile ya zamani, nitasema wazi: usiondoke. Nyingi zimebaki na asilimia 70 au 75 ya nguvu zake, na hizo ni kilomita mia moja siku ikiwa nzuri. Utafika Kilifi, mwendo wa nusu njia, ule wali, unywe chai mbili, uswali, ulale kidogo, uamke, uende. Tunao wateja wanaofanya hivyo na wanasema wanapumzika. Mimi mwenyewe siwezi.

Kabla hujanunua, hesabu vile vijistari kumi na viwili vidogo pembeni mwa kipimo cha betri. Kimoja kikiwa kimetoweka, betri imepoteza kama asilimia 15. Na kuna programu ya simu, LeafSpy, inayosoma afya ya betri kwa kidude kinachochomekwa chini ya usukani. Muuzaji akikukataza kuichomeka, umeshapata jibu lako.

Foleni ya Mtwapa haina madhara makubwa. Gari la stima likisimama halili kitu isipokuwa kipooza hewa. Kinachomaliza betri ni mwendo. Ukitoka 80 ukaenda 110 utaona asilimia zinavyoporomoka kama mchanga.

Nikizimikiwa njiani?

Pabaya zaidi ni kati ya Kilifi na Gede, pale barabara inapopita kando ya msitu wa Arabuko Sokoke: nyumba chache, nyani wengi. Leaf hukupa onyo mara mbili, kisha huwasha taa ya kobe. Usiingoje kobe, kwani hapo betri karibu imekwisha: ukiona onyo la kwanza, zima kipooza hewa, shuka hadi kilomita 40 kwa saa, na utafute ukuta wenye soketi.

Usikubali kuvutwa kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Mota imeungwa nayo, na ikizungushwa hivyo inaweza kuungua. Ita gari la kubeba, lenye mgongo bapa.

Naweza kwenda Watamu? Marafa? Lango la Sala?

Watamu kwenda na kurudi, hata kwa gari lenye betri ya kuchechemea. Marafa kutazama korongo la Nyari, pia. Lango la Sala la Tsavo Mashariki ni zaidi ya kilomita mia kwa upande mmoja. Uwe umepanga pa kulala penye stima, na uwe umewauliza wenyeji wa hapo kama stima yao ni ya nguzo au ya sola.

Na Lamu je?

Swali zuri, na jibu lake kwa sasa ni kuwa na subira. Malindi hadi Mokowe ni kama kilomita 220, kupitia Gongoni, Garsen, Gamba, Witu na Hindi. Gari lenye betri kubwa, ya yuniti 60 kwenda juu, litafika. Leaf ya 40 italazimika kusimama Garsen kwa saa kadhaa kwenye soketi ya mtu, na barabara ile husafiriwa mchana, kwa hiyo saa hizo huna. Halafu kuna maji. Mvua za mwisho wa 2023 ziliikata barabara pale karibu na Gamba, na hakuna betri inayokuvusha hapo.

Hata ukifika, gari litabaki Mokowe. Kisiwani utavuka kwa boti, na mji wa kale wenyewe ni vichochoro vya punda na watu. Kwa hiyo Lamu ikizungumza habari ya kuchaji, itazungumza boti. Mashine ya nguvu za farasi 15, ambayo ni ya kawaida kule, ni kama kilowati 11. Ukiifungua yote kwa saa moja imekula yuniti 11. Boti haina mteremko wala taa nyekundu za kupumzikia: maji yanaivuta muda wote. Kwa wavushaji wa Mokowe na Lamu, safari fupi na kusubiri abiria gatini, soketi kwenye gati ingekuwa na maana sana. Kwa mvuvi wa mkondo wa mbali, bado.

Hoteli niliyofikia haina chaja. Naweza kuchomeka soketi ya kawaida?

Omba kwanza, na uombe kwa meneja, si kwa kijana wa bustani. Kijana atakukubalia kwa heshima, na kesho yake ndiye atakayeulizwa.

Chagua soketi ndani ya jengo au kwenye baraza lililofunikwa, mbali na bwawa. Toa bei kabla hawajasema: yuniti 20 kwa tokeni ni shilingi 600, lipa hata 1,000, mtaagana kwa uzuri. Uliza pia jenereta. Hoteli nyingi za Casuarina na barabara ya Lamu zina jenereta inayowaka yenyewe stima ikikatika, na hapo gari lako litakuwa linakunywa dizeli ya mwenyeji. Waachie namba yako, au uwaambie wachomoe.

Wageni wa nyumba za kupanga kwa siku, sikilizeni: ile mita ya tokeni ukutani ina mwisho. Kuna mama mmoja ana nyumba mbili za wageni upande wa Mtangani, alitujia akiwa amewaka. Wageni wake walichaji gari usiku mmoja, tokeni ya wiki ikaisha alfajiri, samaki kwenye friji wakaharibika. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini samaki ni samaki.

Ekstensheni inafaa?

Ile nyeupe ya soketi nne inayouzwa dukani, hapana, haifai kabisa. Nyaya zake ni nyembamba kama uzi. Ikiwa imekunjwa kwenye kigurudumu chake ni mbaya zaidi, joto halina pa kutokea.

Tuliwahi kuletewa moja iliyokuwa imeyeyuka ikagandamana na zulia. Mwenyewe alishangaa kwa nini swichi kuu haikukata. Swichi kuu hukata stima inapozidi kipimo chake yenyewe. Haijui kama waya uliounganishwa mbele ni wa redio au wa gari. Kama huna budi, tumia waya mmoja, mfupi, wa milimita 2.5, uliokunjuliwa wote, na uguse plagi kwa mkono baada ya nusu saa. Ikiwa vuguvugu, vumilia. Ikiwa ya moto, chomoa.

Na waya wa ardhi. Nyumba kuukuu za mji huu, soketi ina miguu mitatu lakini nyuma yake nyaya ni mbili. Chaja nyingi za magari zitakataa kuwaka, zikiwasha taa nyekundu, na mtu ataanza kuilaani chaja. Chaja ina akili kuliko sisi. Chimbieni nondo ya shaba, pimeni, ndipo mchaji.

Mvua ikinyesha?

Chaji tu. Chaja na tundu la gari vimezibwa dhidi ya mvua, na stima haipiti mpaka gari na chaja zimesalimiana. Kinachokatazwa ni ile plagi ya miguu mitatu kulala kwenye dimbwi.

Maji ya bahari ni habari nyingine. Usilishushe gari ufukweni bahari inapojaa, hata kwa picha. Florida, baada ya kimbunga Ian mwaka 2022, magari ya stima yaliyozama kwenye maji ya chumvi yaliwaka moto siku kadhaa baada ya maji kuondoka. Lililozama lisichajiwe, na lisilazwe karibu na nyumba.

Hewa ya chumvi hailiharibu?

Inaharibu kila kitu hapa, gari la stima halina upendeleo. Kagua miguu ya plagi: ikiwa na ukungu wa kijani, isafishe au ibadilishe, kwani hapo ndipo joto huanzia. Funika tundu baada ya kuchaji.

Joto la kaskazi ndilo linaloniogopesha zaidi. Betri ya Leaf haina kitu cha kuipooza isipokuwa upepo wa njiani. Mchana wa Machi, ukitoka Mombasa kwa mbio, ukafika, ukachomeka papo hapo, unaichoma. Liache kivulini hadi jua lishuke. Na usiliache limejaa asilimia 100 siku tatu juani. 80 inatosha kwa mizunguko ya mjini.

Stima ikikatika katikati?

Gari litasimama kuchaji, na nyingi huendelea zenyewe stima ikirudi. Kabla hujapiga kelele, piga *977# uwaripotie Kenya Power. Jioni, kati ya saa moja na saa nne, kila nyumba inapopika na kuwasha taa, volti hushuka kwa walio mwisho wa laini, na chaja zingine hujizima kujilinda. Sisi huwaambia wateja waweke saa ya gari ianze saa nne.

Si afadhali sola? Jua tunalo.

Tunalo hasa. Langobaya, nyuma ya mji huu huu, kuna mtambo wa sola wa megawati 52 uliowashwa Desemba 2021, na umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa. Kwa namna fulani tayari unachajia jua la Malindi.

Kwa nyumba moja: paneli kumi za wati 550 hutoa yuniti 20 hadi 25 siku ya jua zuri. Zinatosha gari, kwa sharti gari liwe nyumbani mchana. Mwalimu anayeondoka asubuhi na kurudi jioni atahitaji betri nyingine ya kuhifadhia, na hapo hesabu inapaa. Mwenye hoteli, ambaye magari ya wageni hushinda yameegeshwa, yeye ndiye jua linamfaa. Chumvi izingatiwe kwenye vyuma vya kushikilia paneli. Vya bei rahisi havifiki mwaka wa tatu.

Nina tuktuk. Nije lini?

Usiku, au saa za kulala mchana. Betri za tuktuk nyingi ni kati ya yuniti 5 na 10, soketi ya kawaida inazimudu. Zile za asidi, nzito, zinazouzwa kwa bei ya chini, usizimalize kabisa. Ukizoea kuzifikisha sifuri hazitakumalizia mwaka. Za lithiamu zina uvumilivu zaidi.

Madereva wengi si wenye chombo. Tajiri ndiye hulipia petroli au hukata hesabu kila siku. Kubalianeni mapema nani analipa yuniti, iandikwe. Tumeshaamua ugomvi wa namna hiyo mara nyingi kuliko tulivyotengeneza tuktuk.

Na bodaboda?

Kuna mitindo miwili. Betri ni yako, unaichaji kwako au kwetu. Au betri ni ya kampuni, unakwenda kituoni kwao kubadilisha iliyokwisha kwa iliyojaa, dakika chache umeondoka. Wa pili huwezi kuutumia nje ya vituo vya kampuni hiyo, kwa hiyo kabla hujachukua pikipiki kwa mkopo, simama Kwachocha, simama Ganda, uliza kituo cha karibu kiko wapi kwa miguu yako, si kwa mdomo wa muuzaji.

Kwa anayechaji mwenyewe: pikipiki ya kwenda kilomita 120 kwa siku hula yuniti 5 au 6, shilingi 180 kwa tokeni. Ya petroli ingekula lita 3.

Nataka kufungua kituo kama chenu.

Karibu, mji haujajaa. EPRA walitoa miongozo ya vituo vya kuchaji na kubadilisha betri mwaka 2023, ianzie hapo. Kisha mita ya peke yake. Kisha fundi mwenye cheti, waya wa milimita 6 kwa kila chaja ya ampea 32, na swichi ya kukata stima inapovuja. Bango liwe la mwisho.

Gari langu likijaa na mimi sipo?

Utapigiwa simu. Kuna nusu saa ya hisani, kisha shilingi 10 kwa kila dakika kumi, kwa sababu nyuma yako kuna tuktuk inasubiri na dereva wake hajapata hesabu ya leo.

Naweza kuliacha lilale hapo hadi asubuhi?

Ndiyo. Mlinzi yupo. Acha dirisha limefungwa, paka wa hapa hulala kwenye viti.